Mjomba, Kozi Tano na Kichwa cha Samaki

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari hapa Kisumu kwa karibu miaka arobaini. Gereji yake, upande wa Kondele, haikuwa na paa. Ilikuwa chini ya mti, na mti wenyewe ulipigiliwa misumari ya kutundikia spana mpaka ukafanana na nungunungu. Alipotimiza miaka sabini na minane, nikaona nimtoe siku moja, akale mahali ambapo meza imevikwa kitambaa cheupe na chakula kinaletwa na mtu aliyevaa tai. Tai yenyewe naijua. Niliivaa miaka sita nikiwa weita Milimani, na hadi leo nikisikia kijiko kimeanguka chini shingo yangu inageuka yenyewe.

Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba: "Fine Dining". Mjomba alikisoma taratibu, kwa jinsi anavyosoma namba ya injini, kisha akanigeukia.

"Faini ya nini?"

Nikacheka. Nikamwambia hiyo si faini ya korti, ni "fine" ya uzuri. Hakuridhika. Alitaka kujua Waingereza wameishiwa maneno kiasi gani, hadi lile wanalompigia mtu asiye na leseni ndilo hilo hilo wanaloliandika juu ya chakula. Sikuwa na jibu. Usiku ule niliporudi nyumbani nilifungua kamusi, nikakuta mzee alikuwa ameshika waya wenyewe. Maneno hayo mawili yamezaliwa tumbo moja, neno la Kilatini lenye maana ya mwisho. Faini ni malipo ya kumaliza kesi. Na kitu kikiitwa "fine" maana yake kimemalizwa, fundi amekifikisha mwisho wa ufundi wake. Halafu hilo "dine" nalo, ukilifuata hadi kwenye mizizi, lilikuwa na maana ya kuvunja mfungo. Yaani kifungua kinywa! Wafaransa walilitumia kwa mlo wa kwanza wa siku, na kadiri matajiri walivyozidi kuchelewa kula likasogea mchana, kisha jioni, hadi leo ukimwambia mtu "dina" anafikiria saa mbili za usiku.

Lakini hapo nimejitanguliza. Tulikuwa bado mlangoni.

Binti wa mapokezi alitupokea kwa tabasamu. "Shikamoo mzee. Karibuni. Mko na reservation?"

"Marahaba. Mimi rizavu nilitoka kitambo, binti yangu," Mjomba akajibu.

Binti alinitazama, nami nikamtajia jina langu, akalitafuta kwenye orodha. Hakuelewa, na sikumlaumu, kwa kuwa mwenye umri wake hana sababu ya kuelewa. Wazee wa rika la Mjomba walikulia mahali palipoitwa rizavu. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi mipaka ya maeneo ambamo kila kabila lilitakiwa kukaa, na ardhi nono ya kule juu, Nakuru ikiwemo, ikabaki ya walowezi. Babu yangu mzaa mama alitoka rizavu ya Nyanza kwenda kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu upande wa Nakuru, na kipande chake, ile pasi ya kazi ya kikoloni, kilikaa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mjomba anasema kile kikopo kilikuwa na sauti yake. Baba yao akirudi likizo walikisikia kikigonga kifungo cha shati kabla hata ya kumwona.

Maana ya neno lile ni kuweka kando. Unawekewa meza kando ili asikae mwingine. Babu aliwekwa kando ili mwingine akae. Na Milimani penyewe, tuliposimama tukisubiri kupelekwa mezani, palikuwa mtaa wa Wazungu enzi hizo. Mjomba hakusema lolote juu ya hilo. Aliuliza tu kama meza tuliyowekewa iko karibu na dirisha.

Tukaketi. Menyu ikaja imejalidiwa kwa ngozi, nzito kama Biblia ya madhabahuni. Kwa Kifaransa neno hilo lina maana ya kitu kidogo kidogo, orodha ya vipengele, na ni ndugu wa neno ambalo Waingereza huitia dakika, nayo ni kijisehemu cha saa. Pale Kibuye sokoni menyu haina karatasi. Unakaa kwenye fomu ya mbao, mama anasimama mbele yako, mkono mmoja kiunoni: "Kuna ugali nyama, ugali matumbo, ugali omena, ugali samaki ya maji, samaki ya kukausha, mchele madondo, chapati ndengu, nikuletee?" Anaimaliza kwa pumzi moja, nawe ukiuliza "Umesema?" anaianza upya toka juu. Mjomba aliigeuza ile ya ngozi mara mbili, akaniambia nimsomee.

"Stata," nikaanza.

"Ya gari gani?"

"Ni chakula cha kwanza. Kidogo. Cha kuamsha tumbo."

"Na stata ikikataa?"

"Tutasukuma, Mjomba."

Alicheka kwa nguvu kiasi kwamba meza ya pili, waliokaa Wamarekani watatu wenye beji za mkutano shingoni, waligeuka. Ninachokipenda katika kicheko kile ni kwamba hakuwa amekosea neno. Lile la kwenye sahani na lile la chini ya boneti ni neno moja. Kosa pekee ni kwamba yeye alilikuta gereji kwanza.

Kisha tukafika kwenye kozi. Chakula chetu kilikuwa cha kozi tano. Mjomba alishtuka waziwazi. "Tano? Mimi nilifanya moja tu, ya injini za dizeli, na ilinichukua miezi mitatu." Hili nalo nililifuata baadaye. Asili yake ni kukimbia. Kozi ya masomo ni mbio zenye mwanzo na mwisho, uwanja wa farasi wa mashindano nao huitwa hivyo hivyo, na mlo wa kozi tano ni mbio za raundi tano. Ukiwahi kufanya kazi ya weita hutahitaji kuelezwa. Anayekimbia si mgeni.

"Kwa nini wasilete vyote mara moja?" Mjomba akauliza. "Mtu aone anakula nini, apange tumbo."

Swali hilo niliwahi kuulizwa na wageni wengi kutoka Siaya na Vihiga, na kila mara nilijibu kwa adabu kwamba huo ndio utaratibu wa kimataifa. Sasa najua nilikuwa nawadanganya. Huko Ufaransa kwenyewe, hadi karne ya 19, matajiri walikula kama tunavyokula kwa mama. Sahani zote zilipangwa mezani kwa pamoja, kila mtu akachukua kilicho karibu naye. Mtindo wa kuleta sahani moja moja waliuiga kwa Warusi, na mpaka leo unaitwa huduma ya Kirusi. Kwa hiyo ugali katikati, samaki hapa, mboga ya osuga pale, maziwa lala kwenye kibuyu, vyote kwa wakati mmoja, ndiyo adabu ya zamani ya mfalme wa Ufaransa. Laiti ningelijua hilo nikiwa na tai.

Nikiwa na tai, ukweli ni kwamba sikujua mengi. Nilijifunza maneno yale kwa kuaibika. Jioni yangu ya kwanza msimamizi alipita akisema, "Leo tuna covers sitini, jipangeni." Mimi nikaenda stoo. Kava kwa akili yangu ilikuwa kile kitambaa cha kufunika kochi, au bima ya gari. Nilirudi nimebeba vitambaa vya meza hadi kidevuni, nikakuta wenzangu wamekufa kwa kicheko. Kava moja ni mtu mmoja anayekula, pamoja na sahani, visu na glasi vilivyopangwa mbele yake. Tulikuwa tunatarajia watu sitini. Wiki hiyo hiyo nikasikia mtu akipiga kelele jikoni, "Fire table nne!" Wa kwanza kukimbilia mtungi wa kuzimia moto alikuwa mimi. Kumbe ni amri ya kuanza kupika chakula cha meza namba nne, wako tayari.

Na kuna ile ya nyama. Mgeni aliagiza nyama ya ng'ombe "rare". Shuleni tulifundishwa neno hilo kwa wanyama walio hatarini kutoweka, basi nikaenda jikoni nikamwambia mpishi, mzee mmoja Mragoli, kwamba mgeni anataka nyama adimu. Hakuinua hata macho. "Kijana, kwa bei ya siku hizi, nyama yote ni adimu." Mgeni alikuwa akitaka nyama iliyopashwa moto tu, damu bado inatoka. Neno lake si lile la wanyama. Ni jingine kabisa, la Kiingereza cha kale, lililotumika zamani kwa mayai yaliyochemshwa kidogo, na yakaja kufanana kwa bahati tu, kama watu wawili wasiojuana wanaofanana sura ndani ya matatu. Yule aliyetaka nyama iliyoiva kweli kweli alitakiwa kusema "well done". Weita mwenzangu alipoingia akitangaza hivyo kwa sauti, mzee wa jikoni alimjibu, "Asante."

Lililoniuma hasa ni la "entrée". Meza moja, mama wa Kifaransa na bwana wa Kimarekani, wote wawili wakasema samaki ndiyo entrée yao. Mama alikuwa na maana ya chakula cha kuanzia, kwa kuwa kwa lugha yake neno hilo ni kuingia. Bwana alikuwa na maana ya chakula kikuu, kwa kuwa hivyo ndivyo lilivyokuja kutumika Marekani. Zamani kilikuwa chakula cha moto kilicholetwa kabla ya nyama ya kuchoma. Wafaransa wakabaki na ule mwanzo, Wamarekani wakabaki na ule uzito. Mimi nikamletea mama ngege mzima, kichwa hadi mkia, akiwa hajaanza hata kunywa supu, na bwana nikamletea kipande cha kumtosha paka. Hoteli ilinikata mshahara kwa samaki wawili. Mataifa mawili hayajakubaliana juu ya neno kwa zaidi ya miaka mia, na bili ikaja kulipwa na mtoto wa mtaa wa Nyalenda.

Tuache hayo, bado yananikera.

Kozi ya kwanza ililetwa, supu ya malenge, vijiko vinne vimekwisha. Kijana aliyetuhudumia alisimama nyuma kidogo, mikono mgongoni, macho mezani petu. Mjomba alikuwa hapendi. "Huyu anatuchunga? Anafikiri tutaondoka na vijiko?" Nikamwambia ni weita, kazi yake kusubiri. Baadaye, kamusi tena, nikaona Mjomba amenishinda kwa mara ya pili. Neno hilo la Kiingereza kabla ya kuwa kusubiri lilikuwa kuangalia, kukesha, hata kuvizia. Ni ukoo mmoja na la mlinzi wa usiku. Weita na wachi wa getini wametoka boma moja.

Ila lililomfurahisha kuliko yote ni la mpishi mkuu. Kijana alitaja jambo kuhusu "chef wetu", na Mjomba akasikia chifu.

"Chifu ndiye anapika?"

Nilimsahihisha, kisha nikanyamaza, kwa sababu hili nililijua. Hakuwa amesikia vibaya. Neno ni moja, la Kifaransa, mzizi wake kwa Kilatini ni kichwa. Likaingia Uingereza zamani likawa chifu, likarudi kuingia tena karne nyingi baadaye kupitia jikoni likawa shefu. Chini ya shefu kuna msaidizi wake, na cheo chake kwa Kifaransa ni "aliye chini ya shefu". Naibu chifu kabisa! Na mpangilio huo wa vyeo una mtu anayehusishwa nao, Auguste Escoffier, Mfaransa aliyezaliwa 1846. Alipikia jeshi wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, kisha alipokwenda kuongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London akalipanga kama kikosi. Kila mtu na cheo chake, wa sosi, wa samaki, wa kuchoma, na mmoja juu anayetoa amri. Ndiyo maana jikoni hawaongei. Wanaitikia.

"Chifu wetu hakupika," Mjomba akasema. "Yeye alimwaga. Mama yako mkubwa alikuwa na nyungu mbili za busaa, akazimwaga zote mlangoni, kuku wakalewa."

Nilitaka kuendelea na hadithi ya kuku, lakini samaki akaletwa.

Sahani ilikuwa pana kama usukani wa lori. Katikati palikaa vipande viwili vyeupe vya mbuta, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, na mstari wa sosi ya kijani umechorwa ubavuni kwa brashi. Kwenye menyu iliandikwa "fillet". Mjomba aliizungusha ile sahani polepole, nyuzi zote mia tatu na sitini, akitafuta upande alikoanzia samaki. Neno lile maana yake ya mwanzo ni uzi, au utepe wa kufungia nywele. Ni nyama iliyokatwa kama utepe, haina mfupa, haina ngozi, haina habari ya ziwa.

Kisumu, hata hivyo, tunaijua fileti kwa upande wake wa pili. Viwanda vya samaki vikishakata ile nyama nyeupe ya kupeleka Ulaya, kinachobaki ni kichwa, mkia na uti wa mgongo wenye nyama kidogo kidogo katikati ya miiba. Mabaki hayo huenda mtaa wa Obunga, akina mama huyakaanga kwenye mafuta yanayochemka ndani ya karai, na huitwa mgongo wazi. Nimelelewa na mgongo wazi. Ukiufyonza vizuri, pale karibu na kichwa, kuna utamu ambao hakuna utepe utakaokupa. Kwa hiyo tuseme samaki mmoja ana majina mawili, na ukitaka kujua mtu amekaa upande gani wa mji, muulize jina analolijua.

Wala tusijifanye sisi hatujakichezea Kiingereza. Kuna mgeni aliwahi kunishika mkono kwa upole aniulize "wet fry" ni nini, kwa maana alivyofundishwa yeye, kukaanga ni kukausha. Nilimweleza kwamba samaki anakaangwa kwanza, kisha anarudishwa kwenye sufuria na nyanya, vitunguu na dania hadi atoe mchuzi. Akasema hilo kwa Kiingereza halimo. Nikamwambia limo, lipo ubaoni nyuma yake.

Mjomba alikula kipande kimoja. Akafuta mdomo. Akamwita kijana kwa kidole, taratibu.

"Samaki ni mzuri. Kichwa chake kiko wapi?"

Kijana alinitazama mimi. Kichwa hakikuwa kwenye mafunzo.

"Ngoja nimuulize chef," akasema.

Tukangoja. Kwenye meza ya pili Mmarekani mmoja aliinua mkono akasema, "Check, please," na Mjomba akatazama kule alikokuwa akitazama yule bwana, kuona kuna nini cha kucheki. Hakukuwa na kitu, ila folda nyeusi yenye bili. Hilo neno nalo lina safari ndefu, ajabu kweli. Lilianza kwenye sataranji, pale mchezaji anapotangaza kwamba mfalme wa mwenzake yuko hatarini, na mfalme kwa Kiajemi ni shah. Kutoka hapo likawa kuzuia, likawa kukagua, likawa kijikaratasi cha kuthibitisha hesabu. Hundi ya benki nayo imetoka humo. Bwana yule alifungua folda, akaitazama kwa muda, akavua miwani.

Dakika kumi. Kozi ya nne ilikuwa imeshachelewa, nami nilikuwa nimeanza kuhesabu gharama kichwani, na chai ya kumwachia kijana. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, na aliyetoka hakuwa kijana wetu. Alikuwa mtu mnene wa makamo, aproni ina madoa, kofia ameiacha ndani. Amebeba sahani ya bati, zile za buluu zenye ukingo mweusi, ambazo hoteli haiwezi kuzionyesha wageni. Juu yake kulikuwa na kichwa kizima cha mbuta, kimekaangwa kikachemshwa tena kwenye nyanya, mchuzi unatiririka hadi pembeni, na bonge la ugali limeegemea shavu.

"Hiki kilikuwa chetu sisi wa jikoni, mzee," akasema. "Lakini karibu."

Mjomba alisimama kumsalimia. Walishikana mikono miwili miwili, wakaulizana kwao ni wapi. Kisha akaketi, akavua koti, akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko kama anayeingia chini ya gari, na uma na kisu akavisukuma taratibu hadi upande wangu wa meza.

Kozi ya nne na ya tano nilikula mwenyewe. Bili ilipoletwa niliipitia mstari kwa mstari, mara mbili. Kichwa hakikuandikwa.